Gharama za Kazi Katika Kituo cha Mafuta Chenye Duka: Namna ya Kuzipima Mwaka Hadi Mwaka

Wasimamizi wengi wa vituo vya mafuta hupima gharama za wafanyakazi kwa kugawa mishahara kwa mauzo. Kwenye duka la kawaida kipimo hicho kinavumilika. Kwenye kituo cha mafuta kinapotosha, kwa sababu sehemu kubwa ya mauzo ni bei ya mafuta yenyewe, na bei hiyo hupanda na kushuka kwa mambo yaliyo nje kabisa ya kituo. Lita ikipanda bei, mauzo yanavimba ilhali pampu ni zilezile na watu ni walewale. Asilimia inashuka na mwenye kituo anaona kazi inakwenda vizuri. Bei ikianguka, asilimia inapanda, na wahudumu wanapunguzwa kwa kosa lisilo lao.

Mwongozo huu unaonyesha njia nyingine: kuhesabu saa, kujua gharama halisi ya saa moja, kutenganisha pampu na duka, kisha kufuata mwenendo wa miaka kadhaa. Fedha zote kwenye mifano hazina jina la sarafu, na takwimu za kituo ni za kukokotolea tu. Weka zako mahali pake.

Hatua ya 1: Kusanya kumbukumbu, mwezi kwa mwezi

Miezi 36 ndiyo ya chini kabisa, na 60 ndiyo inayoonyesha picha kamili. Kwa kila mwezi tafuta orodha ya mishahara kabla ya makato, daftari la mahudhurio au rekodi za mashine ya alama za vidole, usomaji wa mita za pampu mwanzoni na mwishoni mwa mwezi, ripoti ya mauzo ya duka kwa aina ya bidhaa, na ankara za kampuni za ulinzi, usafi na kuosha magari. Ongeza fahirisi ya bei za walaji ya nchi yako, yaani kipimo cha mfumuko wa bei, ambayo ofisi nyingi za takwimu huitoa kila mwezi.

Usitumie jumla za mwaka pekee. Tuseme kima cha chini cha mshahara kinapandishwa kwa asilimia 8 mwezi Aprili, kama inavyofanyika Uingereza ambako viwango vipya huanza Aprili. Hesabu zako zikienda Januari hadi Desemba, mwaka wa kwanza unabeba miezi 9 tu ya nyongeza, kwa hiyo wastani unapanda kwa asilimia 6. Mwaka unaofuata unapanda tena kwa karibu asilimia 1.9 bila mtu yeyote kuongezewa chochote. Anayesoma jumla za mwaka ataona nyongeza mbili pale ilipofanyika moja.

Mambo manne huharibu kumbukumbu hizi mara kwa mara. La kwanza ni tarehe: mshahara wa saa za ziada za Desemba hulipwa Januari, na huingizwa Januari. Urudishe kwenye mwezi ambao kazi ilifanyika. La pili ni makato ya upungufu. Mhudumu akikatwa kwa fedha zilizopungua kwenye zamu yake, mshahara aliopokea unapungua lakini gharama ya kazi haijapungua. Chukua daima kiasi kabla ya makato.

La tatu ni bidhaa za kamisheni: muda wa maongezi, bahati nasibu, uwakala wa fedha. Keshia anapokea 100, kituo kinabaki na 3 au 5. Ukiandika 100 kama mauzo ya duka, tija ya keshia itaonekana ya ajabu. Andika kamisheni peke yake.

La nne ni lita. Tumia mita za pampu, usitumie ankara za ununuzi. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo lita zilizoshushwa tangini na lita zilizouzwa hazilingani kamwe. Toa pia lita za majaribio: kila pampu inapopimwa kwa ndoo ya lita 20 na mafuta kurudishwa tangini, mita imesoma 20 ambazo hakuna aliyezinunua.

Hatua ya 2: Hesabu saa, usihesabu vichwa

"Tuna watu 14" haina maana mpaka ujue wanafanya saa ngapi. Na hapa ndipo vituo vingi vinapojidanganya kuhusu idadi ya watu wanaohitajika.

Nafasi moja inayotakiwa kuwa na mtu saa 24, siku 7, inahitaji saa 168 kwa wiki. Mtu wa mkataba wa saa 45 kwa wiki anaonekana kutosha hivi: 168 ugawe kwa 45, unapata 3.7. Watu wanne wanaajiriwa, na meneja anadhani ana ziada kidogo. Sasa angalia mwaka mzima. Saa 45 mara wiki 52 ni saa 2,340 unazolipia. Ikiwa zamu ni ya saa 7.5, toa likizo ya siku 24 (saa 180), sikukuu 10 (saa 75), siku 5 za ugonjwa (37.5) na siku 2 za mafunzo (15). Zinabaki saa 2,032.5 ambazo mtu huyo yupo kazini kweli.

Nafasi hiyo inahitaji saa 8,760 kwa mwaka. Kuna pia makabidhiano ya zamu: dakika 15 za kusoma mita, kupima tangi kwa kijiti na kuhesabu fedha, mara tatu kwa siku, watu wawili wakiwepo kwa wakati mmoja. Hiyo ni saa 274 nyingine kwa mwaka. Jumla 9,034, gawa kwa 2,032.5, jibu ni 4.4. Wale wanne hawatoshi, na pengo la 0.4, yaani saa zipatazo 900 kwa mwaka, linazibwa na saa za ziada zinazolipwa kwa kiwango cha juu. Unapoona saa za ziada zinajirudia kila mwezi kwa kiasi kilekile, usilaumu nidhamu ya wahudumu. Ratiba ilikosewa tangu mwanzo.

Saa za mwenye kituo na ndugu zake wasiolipwa zihesabiwe pia, kwenye safu yake, kwa kiwango ambacho ungemlipa mtu mwingine kuifanya kazi hiyo. Bila hivyo, mwaka ambao mke au mtoto wa mwenye kituo anaacha kukaa dukani na keshia kuajiriwa badala yake utaonekana kama mwaka ambao gharama zililipuka.

Kazi iliyopelekwa kwa kampuni ya nje ni mtego wa aina hiyohiyo. Mlinzi na msafishaji wanaondolewa kwenye mishahara, wanahamia kwenye "huduma", na mstari wa gharama za kazi unashuka ghafla. Chagua kanuni moja, ama kuwaweka ndani miaka yote au kuwatoa miaka yote, kisha rekebisha miaka ya nyuma ifuate kanuni hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta gharama kamili ya saa moja

Chukua mhudumu wa mshahara wa msingi wa 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Ongeza posho za usiku na usafiri 1,800, mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii 1,440 (asilimia 12 ya msingi katika mfano huu, weka kiwango cha sheria yako), bima ya afya 600, sare, viatu na mafunzo 360, na akiba ya kiinua mgongo 500. Jumla ni 16,700.

Ukigawa mshahara wa msingi kwa saa zilizolipwa, saa moja ni 5.13. Ukigawa gharama yote kwa saa 2,032.5 za kuwepo kazini, ni 8.22. Tofauti ni asilimia 60, na ndiyo inayofanya mipango mingi ya "kuongeza mtu mmoja tu" kumalizika kwa hasara. Kila unapopiga hesabu ya kufungua saa zaidi au kuongeza kaunta, tumia hii ya pili.

Watu kuacha kazi nayo ina bei, lakini haionekani kwenye mstari wowote wa mishahara. Keshia mpya akikaa pembeni mwa mwenzake zamu 5 za saa 8, hizo ni saa 40 zilizolipwa bila kuongeza huduma. Wakiondoka watu 9 kwa mwaka na nafasi zao kujazwa, ni saa 360. Zipe alama yake kwenye daftari, mfano herufi M, ili mwakani uone kama zimepungua.

Hatua ya 4: Tenganisha pampu na duka

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, kwa sababu ni ya kuchosha: keshia wa duka hupokea pia malipo ya mafuta, na mhudumu wa pampu huingia dukani kupanga soda. Usitafute ukamilifu. Fanya uchunguzi wa wiki mbili, wiki moja ya kawaida na nyingine ya mwisho wa mwezi. Kila baada ya dakika 30 msimamizi wa zamu aandike kila aliyepo anafanya nini wakati huo: P kwa pampu, D kwa duka, U kwa utawala, S kwa kusubiri. Unapata nukta 672 za kuangalia, zinazotosha kugawa saa za mwezi mzima. Rudia kila mwaka katika majira yaleyale.

Herufi S ndiyo yenye habari nzito. Usiku inaweza kuwa nusu ya nukta zote bila mtu yeyote kuwa mvivu, kwa sababu kituo hakiwezi kuwa na watu chini ya idadi fulani hata kama hakuna gari. S nyingi saa 4 asubuhi ni jambo tofauti kabisa.

Hatua ya 5: Weka miaka miwili ubavu kwa ubavu

Kituo cha mfano, mwaka wa kwanza: lita 4,800,000 kwa bei ya 1.00, faida ghafi (bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia) ya 0.08 kwa lita. Duka linauza 600,000 kwa faida ghafi ya asilimia 28. Saa za kazi ni 28,000, kila moja kwa wastani wa 8.20 (vibarua wakishusha wastani, msimamizi akiupandisha). Gharama ya kazi ni 229,600.

Mwaka wa tano: lita 4,700,000 kwa bei ya 1.45, faida ghafi ya 0.085 kwa lita. Duka 840,000 kwa asilimia 30. Saa 29,400, kila moja 10.20. Gharama ya kazi ni 299,880.

Kwa kipimo cha mauzo, gharama imetoka asilimia 4.25 hadi 3.92. Safi kabisa. Kwa faida ghafi, ambayo ndiyo fedha inayolipa mishahara, imetoka asilimia 41.6 (229,600 kwa 552,000) hadi 46.0 (299,880 kwa 651,500). Kituo kilekile, miaka ileile, majibu yanayopingana. La pili ndilo la kweli, maana mishahara hailipwi kwa fedha ya msambazaji wa mafuta inayopita tu mkononi mwako.

Kabla ya kuendelea, jipime: 29,400 ugawe kwa 8,760 ni 3.36. Je, kwa wastani kuna watu watatu na kidogo hapo kila saa ya usiku na mchana? Ukipata 5 na unajua hawapo watano, daftari la mahudhurio lina saa hewa.

Hatua ya 6: Vunja ongezeko vipande

Gharama imeongezeka kwa 70,280. Kipande cha kwanza ni bei ya saa: tofauti ya 2.00 mara saa 28,000 za zamani, yaani 56,000. Cha pili ni saa zilizoongezeka: 1,400 mara 8.20 ya zamani, yaani 11,480. Cha tatu ni vyote viwili pamoja, 2.00 mara 1,400, yaani 2,800. Jumla inarudi 70,280 kamili. Isiporudi, umekosea mahali.

Wengi huishia hapa na kutangaza kwamba mishahara ndiyo tatizo. Subiri. Tuseme fahirisi ya bei za walaji imetoka 100 hadi 122. Saa ya 10.20 ukiigawa kwa 1.22 ni 8.36 kwa fedha ya mwaka wa kwanza. Saa ya kazi imepanda kwa asilimia 2 tu kihalisia katika muda wote huo. Faida ghafi nayo, 651,500 kwa 1.22, ni 534,016: imeshuka kwa asilimia 3.3. Mfanyakazi hajawa ghali. Faida kwa lita ndiyo iliyobaki nyuma ya bei za vitu vingine, ikapanda asilimia 6 wakati bei zilipanda 22, na saa zikaongezeka juu yake.

Saa hizo zimeongezeka wapi? Rudi kwenye mgawo wa hatua ya 4. Pampu zimetoka saa 17,500 hadi 15,800, duka limetoka 9,000 hadi 12,100, utawala umebaki 1,500. Lita kwa saa ya pampu zimetoka 274 hadi 297, hakuna cha kulalamikia. Duka: ikiwa bei za bidhaa zake zimepanda kwa asilimia 25, mauzo halisi ni 840,000 kwa 1.25, yaani 672,000. Kiasi cha bidhaa kimeongezeka kwa asilimia 12, saa kwa asilimia 34. Mauzo halisi kwa saa yametoka 66.7 hadi 55.5.

Picha kama hii mara nyingi hutokana na chakula cha moto na kahawa. Faida ghafi yake ni nzuri, ndiyo maana ya duka zima imepanda kutoka asilimia 28 hadi 30, lakini soda inajiuza yenyewe kwenye jokofu, wakati chakula kinaandaliwa, kinatupwa kisipouzwa, na mashine yake inaoshwa kila siku. Kabla ya kukiondoa, pima dakika zake kwa siku 7: kuandaa, kuuza, kusafisha. Zidisha kwa gharama ya saa, toa kwenye faida yake ghafi pamoja na kilichotupwa. Kikibaki na chochote, tatizo ni wingi wa saa. Huenda usafi unafanywa saa ambayo foleni ni ndefu, na mtu wa pili akaitwa.

Hatua ya 7: Tengeneza fahirisi ya gharama kwa pato

Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani hutoa kila mwaka gharama ya kazi kwa kizio cha pato, yaani kwa kila kipimo kimoja cha kinachozalishwa au kuuzwa, kwa sekta nyingi, zikiwemo za rejareja. Wazo lake unaweza kulitumia hata kwa kituo kimoja. Chukua mwaka wa kwanza kuwa 100. Pato la pampu ni lita: 4,700,000 kwa 4,800,000 ni 97.9. Pato la duka, yaani mauzo halisi ya hatua ya 6, ni 112. Yaunganishe kwa uzito wa faida ghafi ya mwaka wa kwanza, mafuta asilimia 69.6 na duka 30.4: unapata 102.2. Gharama ya kazi imefika 130.6. Gawa 130.6 kwa 102.2, zidisha kwa 100, fahirisi ni 127.8.

Ihakiki kwa njia ya pili. Gharama ya saa ni 124.4 (10.20 kwa 8.20). Tija ni 102.2 kwa fahirisi ya saa ya 105 (29,400 kwa 28,000), yaani 97.3. Gawa 124.4 kwa 97.3: jibu ni 127.8 tena. Njia hizi mbili lazima zikutane. Ikiwa 127.8 iko juu ya fahirisi ya bei za walaji ya 122, jibu la kwa nini liko kwenye ile 97.3.

Ukitaka kujilinganisha na takwimu za nchi, soma kwanza fungu linahesabu nini. Katika mfumo wa uainishaji wa viwanda wa Amerika Kaskazini, vituo vyenye duka vilikuwa namba 447110, na marekebisho ya 2022 yakavipa 457110. Anayetafuta namba moja tu hupata mfululizo uliokatika. Sheria za kujihudumia nazo hubadilisha kila kitu. New Jersey ilikataza wateja kujijazia mafuta mwaka 1949. Oregon ilikuwa na katazo lake tangu 1951 na ikaliondoa 2023. Brazil ilikataza pampu za kujihudumia kwa sheria ya mwaka 2000. Lita kwa saa za kituo chenye wahudumu wa lazima hazilinganishwi na za kituo ambacho keshia mmoja anaangalia pampu zote kupitia dirisha.

Wala kima cha chini kisichukuliwe kuwa ndicho mshahara wa sokoni. Marekani kile cha shirikisho kimekaa dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na majimbo mengi yameweka viwango vyao vya juu zaidi. Tumia unacholipa wewe.

Hatua ya 8: Zamu ya usiku

Takwimu zikishakaa sawa, swali la kwanza huwa ni hili: tufunge usiku? Watu 2, saa 8, kwa gharama ya 12 kwa saa pamoja na posho ya usiku, ni 192 kwa usiku mmoja. Duka likiuza 200 kwa faida ya asilimia 30, linaleta 60. Zinabaki 132, na kwa 0.085 kwa lita unahitaji lita 1,553.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mteja wa usiku anapotea ukifunga. Sivyo. Tuseme asilimia 40 ya faida hiyo itarudi asubuhi au itakuja mapema jioni. Basi unachopoteza ni asilimia 60 tu, na faida ya usiku inatakiwa kufika 320 (192 ugawe kwa 0.6) ili kufungua kuwe na maana. Duka likiwa na 60 ileile, mafuta yalete 260, yaani lita 3,059. Karibu mara mbili. Upande wa pili, mlinzi hulipwa hata ukifunga na majokofu hayazimwi, kwa hiyo usimtie mlinzi kwenye ile 192.

Asilimia inayorudi haikisiwi ofisini. Funga wiki 4 kwa majaribio, usitoe notisi ya kumwachisha mtu, na soma mita saa 4 usiku, saa 12 asubuhi na saa 2 asubuhi kila siku. Lita zilizoongezeka kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, pamoja na zile za jioni kabla ya kufunga, ukizilinganisha na wiki 4 zilizotangulia, ndizo zilizorudi. Mwisho wa mwezi uwe ndani ya wiki hizo, na siku ambazo tangi lilikauka uziondoe pande zote mbili.